Kuifanya CR-V ya foo wili ivute mbele tu: shajara ya mradi, Fuoni

Gari ni Honda CR-V RD1 ya mwaka 1998, injini B20B ya lita 2.0, giaboksi otomatiki, haina ABS (breki za kuzuia tairi zisijifunge). Siku za kazi inakwenda mjini na kurudi, mwisho wa wiki inakwenda Paje kuchukua mwani mkavu wa biashara ya mke wangu. Naiandika kazi hii hatua kwa hatua kwa sababu gari hizi bado zipo nyingi Unguja, nyingi zinalia nyuma, na nimeshaona zaidi ya moja iliyotolewa propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma) kando ya barabara bila mwenyewe kuelezwa kilichobaki chini kinafanya nini.

11 Januari 2025: Sauti mbili, si moja

Ukikata kona kali kwa mwendo mdogo, gari ikiwa imeshapata moto, nyuma inanguruma kwa sauti nzito na sakafu inatetemeka miguuni. Hiyo sauti ya kwanza. Ya pili ni mvumo unaoanza karibu kilomita 60 kwa saa na kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta, hata barabara ikiwa imenyooka. Wengi huzihesabu kuwa ugonjwa mmoja, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea.

Mfumo wa foo wili wa gari hii, yaani wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, Honda wanauita Real Time 4WD. Kwa kawaida inavuta mbele. Propela inazunguka muda wote, lakini nguvu haifiki nyuma mpaka ihitajike. Mbele ya difu ya nyuma, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, kuna pampu mbili za mafuta: moja inazungushwa na propela, kwa hiyo inafuata mwendo wa magurudumu ya mbele, na nyingine inazungushwa na magurudumu ya nyuma. Mwendo ukilingana, mafuta yanapita baina ya pampu hizo mbili na hakuna kinachotokea. Mbele ikiteleza, pampu ya propela inaizidi mwenzake, presha inapanda na kuzibana sahani za klachi, na nyuma inaanza kusukuma. Hakuna kompyuta wala swichi. Kila kitu kinategemea mafuta yaliyomo ndani, na mafuta hayo ni ya aina yake, Honda Dual Pump. Si oili ya giaboksi wala oili ya difu ya kawaida.

Tulipofungua plagi ya chini yalitoka mafuta meusi, mazito, yenye harufu kali ya oili namba 90. Gereji iliyokuwa ikiihudumia gari kwa mwenye gari wa kwanza iliiona ni difu, ikaweka mafuta ya difu. Namba 90 humo ndani ni balaa. Sahani za klachi hazitelezi kwa ulaini tena, zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, na hiyo ndiyo ngurumo ya kona.

Difu inachukua lita moja tu. Nilinunua chupa mbili kwa shilingi 55,000 kila moja: ya kwanza ya kusuuzia, ya pili ya kubaki. Fundi alichukua 10,000. Tuliweka ya kwanza, tukaizungusha gari uwanjani kwa duara nyembamba kulia na kushoto mpaka ikapata moto, tukaimwaga, tukaweka ya pili.

18 Januari: Dawa imeponya nusu

Ngurumo ya kona imepungua sana. Mvumo uko palepale. Tulitoa mafuta kidogo tukayatazama juani kwenye kikopo cheupe: yanameremeta chenga za chuma, na sumaku inazivuta. Klachi haitoi chenga za namna hiyo.

Njia zilizokuwepo ni tatu. Difu ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, niliambiwa 600,000 kabla ya nauli ya meli, nayo ina umri uleule wa hii yangu na hakuna anayejua ilikuwa ikinyweshwa mafuta gani. Kubadilisha beringi za difu hii ni kazi ya kupima nafasi ndogo sana baina ya pinioni na krauni, gia mbili za ndani ya difu. Fundi wangu ni mtu mkweli, alisema hana vifaa vya kupimia na hataki kubahatisha. Ya tatu ni kuitoa nyuma yote na kuiacha gari ivute mbele. Matumizi yangu mengi ni lami, na Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo tukaichagua hiyo.

Kabla hujaniiga, jua kwanza gari yako ni ya aina gani. Kuna foo wili zenye difu ya katikati, inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, kama RAV4 za mwanzo za gia za mkono. Hizo ukitoa propela nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo. Unakanyaga mafuta, flenji tupu (sahani ya kufungia propela) inazunguka chini, gari imesimama. Ukifunga loki ya katikati itakwenda, lakini utakuwa unaendesha maisha yote kwa loki. Na zile za otomatiki ambazo difu yake ya katikati inazuiwa kwa sahani za klachi zitakwenda kwa muda huku zikiziunguza sahani ndani ya giaboksi. CR-V hii haina difu ya katikati, ndiyo sababu pekee kazi inawezekana bila kugusa giaboksi.

25 Januari: Propela nje, difu bado ndani

Hatua hii naipendekeza kwa kila mtu hata kama ana hakika, kwa sababu ni kipimo kizuri na unaweza kuirudisha siku hiyohiyo.

Propela ya CR-V imefungwa kwa bolti kwenye flenji mbele na nyuma, na katikati inashikwa na beringi zenye mabano. Vichwa vya bolti za flenji vina pembe 12, si sita. Soketi ya pembe sita haiingii, na spana iliyolegea itavila vichwa kwa mara moja. Tulipiga alama ya rangi kwenye flenji na propela ili ikirudi ikae vilevile, tukanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu (12,000) usiku kabla, na asubuhi zikafunguka zote.

Gari ikaenda kama kawaida. Ngurumo ya kona haikusikika kabisa, kwa sababu klachi haikabwi tena na kitu. Mvumo ukabaki. Hapo jibu likawa wazi: bila propela magurudumu ya nyuma bado yanazungusha ekseli, ekseli zinazungusha krauni na pinioni, na beringi mbovu iko humo. Kwa hiyo anayetoa propela peke yake na kudhani difu imepumzika ajue haijapumzika. Inazunguka, inahitaji mafuta, na beringi ikija kukwama, gurudumu la nyuma litajifunga barabarani.

Kuhusu transfa, yaani gia za kupeleka nguvu kwenye propela, iliyo pembeni ya giaboksi: nimeiacha. Inatumia mafuta yaleyale ya giaboksi, na ukiitoa unabaki na tundu linalohitaji kifuniko cha kukaa sawasawa milele. Flenji yake inazunguka bure, sili yake ni nzima, haivuji. Tulichofanya ni kupaka grisi kwenye mashimo ya bolti na kufunga kinga ya bati chini yake, isiguse, kuzuia mchanga usirushwe kwenye sili.

1 Februari: Nati za nyuma, na beringi iliyoungua

Kutoa difu kunahitaji kutoa ekseli mbili, na kutoa ekseli kunaanzia kwenye nati kubwa katikati ya gurudumu. Kwa gari iliyolala miaka karibu na bahari, nati hiyo na uzi wake ni kitu kimoja. Mdomo wa nati umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa ekseli ili isifunguke. Unyanyue kwanza kwa patasi nyembamba mpaka utoke kabisa, la sivyo utaukwangua uzi wote.

Upande wa kushoto ulikataa. Kijana wa gesi akaitwa (25,000), akaipasha nati mpaka ikawa nyekundu, ikafunguka. Lakini moto haukuishia kwenye nati. Uliingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), sili ikayeyuka, grisi ya beringi ikatoka inachuruzika kama samli. Tulipoizungusha habu kwa mkono ilikuwa inakwaruza. Beringi mpya 45,000, na kuishindilia kwa presi 15,000.

Kulia tulifanya vingine. Tulimimina mafuta ya kulegeza, tukaiacha mpaka siku ya pili. Asubuhi gari ikashushwa chini kwa magurudumu yake, breki ya mkono imevutwa, mawe mbele na nyuma, kisha soketi imara na bomba la chuma refu juu ya mpini. Watu wawili walilikalia taratibu bila kurusha. Ilitoa mlio mmoja mkali ikaachia. Moto haukuhitajika. Nati hizi hazirudishwi zikishagongwa, nilinunua mpya mbili kwa 9,000 kila moja.

Mengine yalikwenda. Difu ilishikwa na jeki, bolti za bushi zikafunguliwa, ekseli zikachomolewa kwenye difu kwa mtaimbo mfupi, ikashuka. Fundi na msaidizi wake 70,000 kwa kazi yote ya nyuma.

8 Februari: Kile ambacho lazima kibaki

Hapa ndipo kazi hii inapoua watu wakiifanya kwa haraka, nami nitakaa hapa.

Ukishatoa ekseli, habu ya nyuma inaonekana imekaa imara. Unaweza kufunga gurudumu, ukaondoka, ukafika nyumbani. Lakini beringi ya gurudumu hilo haikutengenezwa kukaa peke yake. Kinachoibana pande mbili zikae pamoja ni mkia wa ekseli unaopita katikati ya habu na kukazwa na ile nati kubwa. Bila mkia, kila kona na kila shimo linaivuta habu nje kidogo kidogo, mpaka siku moja gurudumu linaanza kucheza, na baada ya kucheza linatoka. Kuna gari mtaani kwetu ilifanywa hivyo. Mwenyewe alishtukia ngoma ya breki inakwaruza, akaahirisha safari ya Nungwi. Mwenyezi Mungu alimsitiri.

Kwa hiyo mkia unabaki. Sivi jointi ya nje, kiungo cha gololi kilicho mwisho wa ekseli upande wa gurudumu, ndiyo yenye mkia. Unaitenganisha na shafti yake, na kikombe chenye mkia unakirudisha kwenye habu. Ndani ya jointi kuna pete ya waya inayoishika shafti. Funga shafti kwenye jiliwa, kata raba, futa grisi, kisha gonga uso wa kipande cha ndani kwa nyundo ukitumia kipande cha shaba katikati. Pete inaruka na jointi inatoka nzima.

Kwanza tuliirudisha jointi hivyohivyo na gololi zake, tukaijaza grisi na kuifunga raba mdomoni. Ilionekana ni njia safi. Nikaenda Paje. Lami ilikuwa kimya mpaka kwenye matuta ya Jozani, yale ya kuwahifadhi kima punju. Kila tuta lilikuwa na mgongano wa chuma, kak, kak, pande zote mbili. Shafti isipokuwepo, kipande cha ndani hakina kinachokishika. Kinalala upande mmoja, kinageuka, kinagonga ukuta wa kikombe.

15 Februari: Kikombe kitupu

Tukavitoa tena. Gololi ni sita. Unakibonyeza kizimba kinachozishika upande mmoja mpaka kiiname na gololi moja ichungulie, unaichokoa kwa bisibisi, unageuza, unatoa inayofuata. Zikiisha, unakisimamisha kizimba wima kama sarafu ndani ya kikombe na kinatoka pamoja na kipande cha ndani. Kikombe kinabaki kitupu na mifereji yake sita inang'aa. Gololi, kizimba na kipande cha ndani cha kushoto viliwekwa kwenye kopo lake, vya kulia kwenye lake, kwa sababu vimelika pamoja na haviwezi kuchanganywa. Atakayetaka kuirudishia gari foo wili yake siku moja atavikuta.

Mkereza vyuma wa Mwanakwerekwe alitukerezea vifuniko viwili vya alumini vyenye ukingo unaoingia mdomoni mwa kikombe, 15,000 kila kimoja. Tulipaka ndani grisi nzito (8,000) kuzuia kutu, tukafunga kifuniko kwa gundi ya silikoni, na juu yake klipu inayokaa kwenye mfereji wa raba ya zamani (4,000 zote). Nati mpya zikakazwa kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha gari, kisha mdomo wake ukagongwa kwenye mfereji. Usikaze kwa kukisia. Ikilegea beringi inakufa, ikizidi inakufa pia.

Wenye gari za ABS: kabla ya kutoa chochote tazameni pete yenye meno ya sensa ya nyuma imekaa wapi. Ikiwa iko kwenye kikombe, lazima irudi nacho ikiwa safi.

Matuta ya Jozani sasa ni kimya. Mvumo umekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue gari nasikia upepo kwenye kioo.

Gharama za kuitoa nyuma zimefika 227,000, ambazo 85,000 kati yake ni gesi na beringi iliyoungua. Mafuta ya difu na kazi yake mwezi Januari ni 120,000 nyingine.

19 Aprili: Mzigo, mchanga na masika

Vyuma vilivyotoka tulivipima kwenye mizani ya mwani: propela, difu na shafti ni karibu kilo 50. Gari ikiwa tupu mkia umenyanyuka kidogo na unarukaruka kwenye mashimo. Taa za mbele zilikuwa zinamulika chini, zikarekebishwa.

Mafuta: nilikuwa napata kilomita 9.1 kwa lita, sasa 9.6, kwa kujaza kituo kilekile na njia ileile ya Tunguu na Kitogani. Gia za transfa bado zinazunguka, kwa hiyo usitarajie zaidi. Anayefanya kazi hii ili kukimbia bei za mafuta za kila mwezi za ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, atasubiri muda mrefu kuiona faida.

Kilichobadilika kweli ni Paje. Zamani niliiingiza gari mpaka kwenye chanja za kuanikia, nikapakia viroba nyuma, nikaondoka. Sasa mzigo wote uko nyuma na kinachovuta kiko mbele. Viroba vinaukandamiza mkia, pua inakuwa nyepesi, tairi za mbele zinachimba. Tulikwama tukiwa na mzigo kamili, kina mama wakatusukuma. Tangu hapo tumebadilisha mpango: gari inasimama kwenye udongo mgumu kando ya njia na viroba vinaletwa kwa gari la ng'ombe. Nikilazimika kuingia, napunguza upepo wa tairi za mbele mpaka PSI 18, naingia kinyumenyume ili pua iangalie njia ya kutokea, na viroba viwili vizito vinakaa kwenye kiti cha abiria mbele. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari ipo ndani ya kurudishia upepo kabla ya lami.

Kwenye tope la masika, njia ya shamba letu Ndijani, inapita ikiwa tairi za mbele ndizo zenye meno zaidi. Nilizihamisha, nzima mbele, zilizolika nyuma. Lakini barabara ya lami iliyolowa inataka uangalifu kwa mpangilio huo, maana nyuma ni nyepesi na inaweza kuteleza ukikata kona kwa kasi. Tairi nne mpya zinafuata pesa zikipatikana.

14 Juni: Shemeji wa Wete

Shemeji yangu ana CR-V ya aina hii Pemba, nayo inanguruma kwenye kona. Aliposikia yangu imetulia akataka fundi aje na vifaa. Nilimwomba asifanye. Pemba si Unguja. Nyumba yake iko chini ya kilima, njia ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ule mteremko unakuwa kama sabuni. Gari inayovuta mbele ikipanda mlima uzito unakwenda nyuma, mbele inakosa mshiko palepale inapouhitaji. Pale foo wili ni ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku.

Nikamwuliza kama ina mvumo kwenye mwendo wa 60. Akasema hapana, ni kona tu. Nilimtumia chupa mbili za mafuta ya Dual Pump kwa meli ya Mkoani, na maelekezo: fungua plagi ya juu kwanza kabla ya ya chini, ili usije ukamwaga ukashindwa kujaza. Weka, zungusha duara mpaka ipate moto, mwaga, weka ya pili, na uniambie kama sumaku imeshika chochote.

Jana alipiga simu. Yaliyotoka yalikuwa meusi, sumaku haikushika kitu, na kona imenyamaza. Difu yake inabaki ilipo. Difu yangu iko stoo imepakwa grisi. Fundi mmoja wa Chake Chake ameomba ile klachi aifungue aone sahani zilivyoharibika na oili namba 90, na nimekubali kumpelekea.